Mgeni Aliyekuja na Nyumba Yake

Tufani za Bahari ya Pasifiki zinapokwisha kutulia, mnamo mwezi wa Novemba, huanza kuteremka kutoka Kanada na Marekani kuelekea Meksiko msafara usio na kiongozi, wa magari ambayo ndani yake mna kitanda, jiko, tangi la maji na pengine hata choo, yakiendeshwa na wastaafu wanaoikimbia theluji, na vijana wanaofanya kazi zao kwa kompyuta popote penye mawasiliano, na watu wa makamo waliouza nyumba zao baada ya kuona kwamba kombi kuukuu ya Volkswagen, ikitunzwa vyema, yatosha kuwa maskani. Hukaa huko miezi minne au mitano, wakihama kutoka ufuo hadi ufuo, kisha ifikapo Machi hugeuza magari yao na kurejea kaskazini. Na katika kukaa kwao hukutana na jambo ambalo aghalabu hawakulitia katika hesabu ya safari, nalo ni kwamba miji midogo ya mwambao ule haikai siku nyingi pasipo sherehe, na sherehe hizo hazikuandaliwa kwa ajili yao.

Rai yangu ni kwamba msafiri wa namna hii ana deni kwa mji unaompokea, tena deni lililo kubwa kuliko la yule anayelala hotelini, na kwamba mahali panapostahili deni hilo lilipwe ni katika sikukuu ya mji wenyewe. Najua wako watakaoniona mkali. Kwani, watauliza, mtu aliyeegesha gari lake mchangani, asiyemwomba mtu kitanda wala sahani, amemkosea nani?

Kwa upande wa sheria hoja yao ina nguvu. Katiba ya Meksiko ya mwaka 1917, katika kifungu chake cha 27, iliiweka ardhi na maji ya nchi chini ya milki ya taifa, na juu ya msingi huo ufuo wa bahari, pamoja na ukanda wa mita 20 unaoufuata kwa upande wa bara, ni mali ya dola ambayo haiuzwi kwa mtu binafsi. Na mwaka 2020 sheria ilitiwa makali zaidi, ili mwenye hoteli au jumba atakayewazuia watu kufika baharini apate kutozwa faini. Mgeni wa nchi nyingine hana hata ruhusa ya kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani, bali hana budi kupitia amana ya benki. Wameksiko waliyaandika hayo wakiwa wamekwisha onja uchungu wa kupokonywa nchi, na mimi nawasifu kwa uangalifu wao. Lakini hapo ndipo mwenye gari-nyumba anapopotoka, kwa kuwa akiisha kusikia kwamba ufuo hauna mwenyewe, huona kwamba na mji ulio nyuma yake hauna wenyewe pia, ilhali mji ule una wenyewe wa tangu na tangu, wenye mtakatifu wao, kalenda yao na ahadi zao baina yao, wala hakuna kifungu cha katiba kilichoyafanya hayo kuwa mali ya kila apitaye.

Barabara inayowafikisha wengi wao huko ni ile ya rasi ya Baja California, iliyokamilishwa mwaka 1973, ambayo kutoka Tijuana hadi Cabo San Lucas ina urefu wa takriban kilomita 1,700, nyembamba, isiyo na kingo za lami katika sehemu nyingi, ikikata jangwa lenye mipungate mirefu kuliko nyumba za watu. Njiani msafiri husimamishwa na askari wanaopekua magari, huvuka matuta ambayo miji ya Meksiko huyajenga kwa raghba isiyo na kiasi, na gari lake likimharibikia huenda akakutana na Malaika wa Kijani, nao ni watumishi wa serikali ambao tangu mwaka 1960 huzunguka katika barabara kuu kwa magari ya rangi hiyo, wakiwatengenezea wasafiri magari yao bila ya kudai ujira, ila bei ya vipuri tu. Kwa rasi hii hahitaji kibali cha kuingiza gari. Akitaka kuvuka kwenda bara ndipo hupaswa kupata hati kutoka kwa benki ya jeshi la nchi, na hapo urasimu huonyesha busara isiyotazamiwa, kwani gari la kawaida hupewa siku 180, bali gari-nyumba hupewa miaka 10, kana kwamba serikali ilikwisha ng'amua kuwa mtu ajaye na nyumba yake haondoki upesi.

Katika Bahía Concepción, kusini mwa Mulegé, ziko fuo kama Santispac, El Coyote na El Requesón, ambako magari hujipanga hatua chache kutoka majini, na mtoza ada hupita akikusanya peso kwa kila usiku. Mgeni aweza kukaa pale mwezi mzima asimjue Mmeksiko yeyote ila huyo mtoza ada na mtu anayepita akiuza samaki na maji, huku jioni zake zote akizimaliza na mzee wa gari la pili ambaye naye ametoka mji uleule wa Alberta aliotoka yeye. Sisemi kwamba kuishi hivyo ni vibaya. Ghuba ile ina uzuri wa kumnyamazisha mtu, na aliyefanya kazi miaka 40 katika baridi ana haki ya kuketi na kuyatazama maji. Nasema tu kwamba huko hakumfikishi mtu Meksiko, hata kama hati yake ya kusafiria imegongwa muhuri.

Walakini gari-nyumba lina fadhila moja ambayo ndege na hoteli hazina, nayo ni wakati. Mwenye tiketi ya juma moja hukutana na sikukuu kwa bahati, au huikosa kwa siku mbili, akaondoka akiwa ameona tu wafanyakazi wakifagia mabaki ya karatasi za rangi uwanjani. Bali mwenye gari aweza kuingojea sikukuu, akaiona tangu mbao za kwanza za jukwaa zinapogongwa misumari, akawajua kwa sura wanaozigonga, na yamkini akashika nyundo mwenyewe. Ndiyo sababu namdai zaidi. Aliyepewa wasaa mkubwa wa kuwa mgeni mwema hana udhuru wa kuishi kama mpita njia.

Tuitazame ghuba ya Navidad katika jimbo la Jalisco, ambako magari haya huja kwa wingi tangu zamani. Mji wa Barra de Navidad ulipata jina lake kwa kuwa makamu wa mfalme wa Hispania, Antonio de Mendoza, alifika hapo siku ya Krismasi ya mwaka 1540. Na mwezi wa Novemba 1564 ndipo zilipotweka kutoka hapo merikebu za Miguel López de Legazpi kwenda kuitwaa Ufilipino, safari ambayo nitairudia huko mbele kwa kuwa inatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Katika kanisa la mji huo mna msalaba wenye sanamu ya Yesu ambayo mikono yake haikunyooka, bali imeanguka ubavuni. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1971, kimbunga kilichoitwa Lily kilipoupiga mji na watu wakakimbilia kanisani, mikono ile iliachana na msalaba ikaning'inia, na papo hapo upepo ukatulia. Nao hawakukubali kuitengeneza sanamu hadi leo. Kila mtu na imani yake, wala si kazi yangu kuwahukumu Wakristo wa Jalisco katika miujiza yao, lakini mgeni ambaye ameoga mbele ya mji huo miezi mitatu pasipo kuingia kuiona mikono hiyo, amekaa pale kwa faida gani?

Mwendo wa dakika chache kutoka Barra uko mji wa San Patricio Melaque, ambao mtakatifu wake ni Patrick wa Ireland, jambo linalowafurahisha mno Wakanada wenye asili ya huko, kila mmoja akidhani ameligundua yeye. Wameksiko, kwa hakika, wana deni lao la heshima kwa Waayalandi, kwani mpaka leo huwakumbuka askari wa kikosi cha San Patricio walioliacha jeshi la Marekani katika vita vya 1846 hadi 1848 wakapigana upande wa Meksiko, na ambao makumi kati yao walinyongwa mwezi wa Septemba 1847, ingawa sidai kwamba mji ulipata jina kwao. Katika siku zinazotangulia tarehe 17 Machi, mji huo hautulii. Alfajiri roketi za baruti hupasuka angani kabla ya jogoo kuwika, bendi ya matarumbeta ikafuata. Mchana vijana hupanda madume ya ng'ombe uwanjani wakaangushwa. Magharibi huja misa na maandamano ya sanamu. Na usiku ukisha kuwa mkubwa, baada ya watu kula mahindi ya kuchoma na tamale za moto zilizofungwa katika maganda, huja zamu ya fataki.

Nazo hazifanani na fataki za miji mikubwa, ambazo hurushwa mbali na watu waliozuiwa kwa kamba. Katikati ya uwanja mafundi hushinda mchana kutwa wakisimamisha mnara wa miti uliotundikwa magurudumu ya fito yaliyofungwa baruti, ambayo usiku huwashwa moja baada ya jingine kutoka chini kwenda juu, yakizunguka kwa kishindo na kumwaga cheche za kila rangi, hata mwishowe taji iliyo kileleni ichomoke na kupaa angani ikizunguka. Kabla ya hapo hutolewa fahali wa bandia, kiunzi kilichojazwa baruti na kubebwa na mtu mmoja begani, naye hukimbia nacho katikati ya halaiki huku kikitema moto na vifataki vinavyotambaa ardhini vikiwawinda watu miguuni. Na hapo mstaafu aliyekuwa mhasibu katika mji wenye utaratibu hujikuta akikimbia na watoto wa Melaque, akipiga kelele kama wao, fulana yake imetobolewa na cheche, wala hakuna hata mmoja anayejua jina lake au kulihitaji.

Gharama ya hayo yote hutoka mahali. Katika sehemu nyingi za Meksiko iko desturi iliyorithiwa tangu enzi ya Wahispania, ya kumteua mtu au familia kuwa mdhamini wa sikukuu, naye huitwa mayordomo. Kwingine mzigo hugawanywa baina ya vyama vya kazi na mitaa, au huchukuliwa na kamati inayopita nyumba kwa nyumba, na wana wa mji waliohamia Marekani hutuma dola zao ili nao wasihesabiwe kuwa wamekufa. Mdhamini huweka akiba kwa muda mrefu, pengine akakopa, ili katika usiku mmoja baruti yake ipasuke juu ya vichwa vya jirani zake. Wapo wasomi walioiita desturi hiyo israfu. Mimi naiona kuwa ni kodi yenye adabu kuliko kodi nyingi nizijuazo, maana humlazimisha aliyejaliwa kuimwaga hadharani sehemu ya alichokusanya, na badala yake humpa kitu ambacho serikali haijapata kumpa mlipa kodi, nacho ni kutajwa kwa wema.

Sasa, katika hesabu hiyo, mwenye gari-nyumba yuko wapi? Aliyelala hotelini, apende asipende, hulipa kodi ya malazi ambayo majimbo ya Meksiko huitoza, na kwa kupitia bili yake hulipwa mtandika vitanda, mpishi na bawabu, watu ambao huko Puerto Vallarta, katika siku 12 za mwanzo wa Desemba, huandamana kwa makundi, kila kundi na mahali pake pa kazi, wakienda na mashada ya maua katika kanisa la Bikira wa Guadalupe. Mwenye gari hana bawabu. Maji yake ameyachukua, chakula chake amekinunua katika duka kubwa la mjini, umeme wake hutoka juani, na kile anachouachia mji bila ya shaka yoyote ni taka zake na, ikiwa hana murua, maji machafu ya choo chake. Hapo ndipo penye deni nililolitaja. Mtu anayejitosheleza kwa kila kitu huwa na fahari ya kutomsumbua mtu, akasahau kwamba ujirani katika dunia hii hujengwa kwa kusumbuana kidogo na kulipana.

Tena si wachache kati yao wanaofikia kulalamika kuhusu makelele. Malalamiko hayo yana historia, na mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mazatlán katika jimbo la Sinaloa, mji ambao huwezi kuutenganisha na bendi zake za matarumbeta na ngoma kubwa, ambao katika manispaa yake ndimo ilimoanzishwa Banda El Recodo mwaka 1938, na ambako karamu ya kanivali imekuwa na kamati rasmi tangu mwaka 1898, wakati waungwana wa mji walipochoshwa na vita vya kurushiana unga wakaamrisha vipande vya karatasi za rangi vitumike badala yake. Kanivali hiyo ina usiku wa fataki juu ya bahari unaokumbusha jinsi wapiga mizinga wa mji walivyoifukuza merikebu ya Kifaransa mwaka 1864, na ina usiku mwingine wa kuichoma sanamu ya uchungu wa roho, ambayo kwa kawaida hupewa sura ya mkubwa fulani aliyewaudhi watu mwaka huo. Katika mji wa namna hiyo, mwezi wa Machi 2024, wenye hoteli walisimama wakasema kwamba bendi zinazozunguka ufuoni zinawaudhi wageni wao na ni lazima zikomeshwe. Wanamuziki waliandamana na vyombo vyao, wakapambana na polisi barabarani. Mji ukagawanyika kwa siku kadhaa. Na mwishowe bendi ziliendelea kupiga.

Nilipoisoma habari hiyo niliwapendelea wapiga matarumbeta, na bado nawapendelea, ijapokuwa sikubali kwamba kila aliyelalamika alikuwa mjinga. Bendi nne zikipiga nyimbo nne katika mita 50 za mchanga, hapo muziki umekwisha na kimebaki kishindo. Mgonjwa na mtoto mchanga wana haki yao usiku. Na baruti ya Meksiko, inayofinyangwa kwa mikono katika karakana za familia, imekwisha waua watengenezaji wake na watazamaji mara nyingi mno, jambo ambalo Wameksiko wenyewe hulijadili kwa ukali kuliko mgeni yeyote. Lakini iko tofauti baina ya mkazi anayemwomba jirani yake apunguze sauti, na mtu aliyekuja kwa miezi minne kutaka mji ubadilishe kawaida yake ili usingizi wake usikatike. Huyu wa pili ana dawa mkononi mwake ambayo mwenye nyumba ya mawe hana: nyumba yake ina magurudumu manne, na usukani. Naam, aihamishe.

Wengine hudai kwamba fedha ya wageni ikiingia katika sikukuu itaiharibu, kwa hiyo bora wakae pembeni na kutazama kwa heshima. Hofu hiyo si ya bure. Yalipotoka maonyesho ya filamu ya James Bond iitwayo Spectre mwaka 2015, ambamo mlibuniwa maandamano makubwa ya Siku ya Wafu katika jiji la Meksiko, maandamano ambayo hayakuwa desturi ya jiji hilo, wakubwa waliona kwamba watalii watakuja kuyatafuta, na mwaka uliofuata wakayaanzisha kweli. Na leo hii halaiki ya watu hujaa kuyatazama. Sioni kuwa ni dhambi, kwa maana kila desturi ilianza siku fulani, na hiyo angalau twaijua tarehe yake. Ila maandamano yale yalianzwa kwa ajili ya macho, na mnara wa baruti wa Melaque ulianzwa kwa ajili ya Patrick. Na fedha inayotolewa kwa kamati ya mji, kwa kiasi ambacho jirani hutoa, ikaandikwa katika daftari lilelile, haibadili madhumuni ya sikukuu hata chembe. Kinachoibadili ni tiketi, na kiti cha mbele, na kamera inayomwamuru mchezaji arudie hatua.

Na hapa nataka kuwapeleka wasomaji kusini zaidi, mahali ambapo magari haya hupita kwa haraka au hayapiti kabisa kwa sababu ya sifa mbaya ya barabara za jimbo la Guerrero, nami sitamlaumu anayeogopa. Ni mwambao uitwao Costa Chica, unaoanzia kusini mwa Acapulco na kuingia katika jimbo la Oaxaca, wenye miji kama Cuajinicuilapa na Pinotepa Nacional, na wakazi wake wengi ni kizazi cha Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Mwanazuoni Gonzalo Aguirre Beltrán aliandika kitabu kuhusu watu wa Cuajinicuilapa mwaka 1958, akieleza miongoni mwa mambo mengine nyumba zao za mviringo alizoziona kuwa za asili ya Afrika. Hata hivyo ilichukua hadi mwaka 2019 katiba ya nchi kuwataja watu hawa, na sensa ya mwaka 2020 ndiyo ya kwanza kuwauliza wote kama wanajihesabu kuwa Wameksiko wenye asili ya Afrika, ambapo zaidi ya watu milioni 2.5 walijibu ndiyo.

Wengi wa wahenga wao walitoka Afrika ya magharibi na Angola. Lakini merikebu zile za Legazpi zilizotweka kutoka Barra de Navidad zilifungua njia ya biashara baina ya Manila na Acapulco iliyodumu hadi mwaka 1815, na katika njia hiyo, pamoja na hariri na viungo, walipitishwa watumwa. Na miongoni mwao walikuwamo watu wa upande wa Msumbiji ambao Wareno waliwachukua hadi Bara Hindi na Manila, wakauzwa kwa Wahispania, wakavuka bahari ya pili na kushushwa Acapulco. Msafiri anayepika samaki wake leo mbele ya mawimbi ya Barra hayaoni hayo, na sidhani kuna kibao kinachomweleza. Sisi tuliozaliwa katika mwambao wa Bahari ya Hindi hatuna ruhusa ya kutoyajua.

Huko Costa Chica, tangu mwisho wa Oktoba hadi tarehe 2 Novemba, hutoka ngoma ya mashetani. Wanaume waliovaa nguo kuukuu na vinyago vyenye pembe na ndevu za singa za farasi huzunguka mitaani kwa mistari miwili, wakipiga vishindo vya miguu kwa nguvu hata vumbi likapanda viunoni, wakiongozwa na mkubwa wao mwenye kiboko, huku Minga, mwanamume aliyevaa kike na kubeba mtoto wa bandia, akiwachokoza watazamaji kwa matusi ya mzaha. Ala zao ni tatu: kinanda cha mdomo, taya la punda au farasi ambalo meno yake hulia yakipigwa au kukwaruzwa kwa kijiti, na ngoma ya kibuyu ambayo haipigwi bali husuguliwa kwa ufito uliosimamishwa juu ya ngozi yake, ikatoa mngurumo wa mnyama. Huingia katika nyumba zilizowaandalia marehemu wao madhabahu, wakacheza, wakapewa chakula na kinywaji, wakaenda nyumba inayofuata. Mgeni aliyefika huko akasimama kando na kuwafuata hadi nyumba ya tatu, kwa kawaida haulizwi ametoka wapi, hukabidhiwa bakuli. Sharti alipokee, na kesho yake arudi na kilo ya sukari au mshumaa kwa yule mama, kwani marehemu wa nyumba hiyo ndiye aliyemkirimu.

Liko jambo moja ambalo wasafiri hawa hulikwepa mwaka hadi mwaka, nalo ni Juma Kuu la Pasaka. Wengi wao hupanga kuwa wamekwisha vuka mpaka kabla yake, wakionyana kwamba fuo zitajaa. Nazo hujaa kweli: familia nzima nzima hutoka Guadalajara na jiji la Meksiko na miji ya bara, babu na wajukuu, na mahema, na masufuria makubwa, na spika zenye kimo cha mtoto, wakalala mchangani majuma mawili kwa haki ileile ya kifungu cha 27 aliyojivunia Mkanada mwezi Januari. Wao ndio raia ambao ufuo ule uliwekwa kuwa mali yao, na wengi wao hupata likizo siku hizo. Aliyekaa pale miezi yote ya baridi akaondoka siku tatu kabla ya wao kufika, amefanya kama mpangaji anayemkimbia mwenye nyumba. Na laiti angalibaki, angaliona kwamba mtu mwenye sufuria ya watu 30 hana hesabu ya kumnyima jirani wa gari.

Kwa mabaraza ya miji hiyo nina shauri moja, na si la kuyafukuza magari, kama baadhi ya watu wanavyotaka. Ada ya kila usiku ipandishwe kidogo, irasimishwe, na sehemu yake ipelekwe waziwazi kwa kamati ya sikukuu, mtunza hazina akisoma hesabu uwanjani mbele ya wote, wenyeji na wageni. Wageni nao wapewe siku yao katika juma la mtakatifu, kama walivyopewa wavuvi na wenye maduka, wailipie bendi yao na baruti yao, na wakihitaji mtu wa kumbeba yule fahali wa moto wamtoe miongoni mwao. Na kabla ya hayo yote pajengwe mahali pa kumwagia maji machafu. Akitokea mgeni wa kunung'unika kwamba sasa ufuo umekuwa ghali, asibishiwe, bali aonyeshwe njia ya kwenda hotelini, ambako kodi imekwisha tiwa ndani ya bili na hakuna anayemwuliza kama ameipenda.